Maji ya Msafiri Kwenye Njia ya Likia

Mwanamke anayetembea peke yake huulizwa maswali yale yale popote aendapo. Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Mumeo yuko wapi? Na mwisho, kwa sauti ya chini: Huogopi? Sisi tunaopenda kufunga shanta na kutembea bila mwenzi tumeyazoea maswali hayo, wala hatuyachukii. Mara nyingi anayeuliza ni mama mwenzetu, na nyuma ya swali lake kuna huruma.

Mwezi huu tunakualika, mpendwa msomaji, kwenye njia ambayo maswali hayo huulizwa kwa Kituruki. Inaitwa Njia ya Likia. Iko kusini-magharibi mwa Uturuki, kando ya Bahari ya Mediterania, ikianzia karibu na mji wa Fethiye na kuishia karibu na Antalya. Urefu wake unazidi kilomita 500. Kuimaliza yote huhitaji mwezi mzima hivi, lakini wengi wetu hutembea kipande cha siku tano au kumi, kisha tukarudi kwa watoto na kazi zetu.

Jina la Likia si geni kwa msomaji wa Biblia. Huko ndiko iliko Patara, ambako Mtume Paulo alipata meli alipokuwa akienda Yerusalemu. Huko pia ndiko iliko Mira, ambako alihamishiwa meli nyingine akiwa mfungwa anayepelekwa Rumi. Tunapotembea pwani hii tunaona bahari ile ile aliyoiona yeye, na milima ile ile ikishuka hadi majini.

Njia iliyounganishwa na mwanamke

Vijia vyenyewe ni vya kale. Vingine ni barabara za Warumi, vingine ni mapito ya punda na mbuzi, na vingine vilikanyagwa na wafugaji waliohama na mifugo yao kutoka pwani kwenda milimani wakati wa joto. Lakini kuviunganisha viwe njia moja yenye alama ilikuwa kazi ya mwanamke. Kate Clow, Mwingereza aliyekuwa akiishi Uturuki, alivitafuta kwa miguu, akavifuata mahali vilipopotelea vichakani, akaviunga kimoja na kingine. Mwaka 1999 njia hiyo ilifunguliwa, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Uturuki.

Kabla yake alikuwapo mwanamke mwingine, Freya Stark, mwandishi wa safari aliyezaliwa mwaka 1893 na kufariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 100. Katika miaka ya 1950, akiwa tayari amekwisha kuona mvi, alizunguka milima na pwani za Likia na kuandika vitabu juu yake. Kwa hiyo anayetuambia kwamba safari kama hizi si za wanawake amechelewa kidogo.

Alama za njia ni mistari miwili, mmoja mweupe na mmoja mwekundu, iliyopakwa kwenye mwamba au shina la mti. Ukiona X nyekundu, umekosea njia, rudi ulikotoka. Kwa mtu aliye peke yake mlimani, alama ile ina faraja kubwa. Inamwambia kwamba kuna mtu aliyepita hapa na kopo la rangi, akamfikiria yule atakayekuja nyuma.

Kijiji kisicho na mwenyeji

Wengi wetu, kabla ya kuanza njia yenyewe, hupitia Kayaköy, si mbali na Fethiye. Zamani kiliitwa Livissi. Ni kilima kizima cha nyumba za mawe zisizo na mapaa, mamia kwa mamia. Mitini imeota jikoni, na mbuzi hulala sebuleni. Yako makanisa mawili makubwa, na hayana waumini.

Waliokaa hapa walikuwa Wakristo wa Kanisa la Othodoksi, wenye asili ya Kigiriki. Baada ya vita kati ya Ugiriki na Uturuki, mkataba wa mwaka 1923 uliamuru watu wabadilishane nchi kwa kufuata dini zao. Wakristo zaidi ya milioni moja waliondoka Uturuki au walihesabiwa miongoni mwa waliokwisha kuikimbia, na Waislamu zaidi ya laki tatu wakatolewa Ugiriki. Hakuna mama aliyeulizwa kama anataka kuhama. Waislamu walioletwa hawakujaza nyumba za Kayaköy, na tetemeko la ardhi la mwaka 1957 lilizidi kuziharibu.

Tunapokaa kwenye kizingiti cha nyumba moja kati ya hizo kufunga kamba za viatu, tunakumbuka kwamba kutembea kwa hiari ni neema. Wako wanawake waliotembea na watoto mgongoni kwa sababu mlango wa nyuma yao ulikuwa umefungwa milele. Nao pia, huko walikokwenda, walihitaji mtu wa kuwapa maji.

Mabirika ya njiani

Kutoka Ölüdeniz njia inapanda mara moja. Kushoto kwetu ni mlima Babadağ, ambao kilele chake kinakaribia mita 2,000. Kulia, chini kabisa, ni bahari yenye rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Njia inapita kwenye misonobari inayonukia utomvu, na kwenye mawe meupe yanayorudisha joto usoni. Baada ya saa mbili mtu huelewa jambo ambalo picha za kalenda hazisemi: pwani hii nzuri ni kavu. Mvua hunyesha majira ya baridi, na maji hupotelea kwenye nyufa za miamba ya chokaa. Mwezi wa Julai vijito vingi huwa ni mawe matupu.

Ndipo tunapoliona jengo dogo la mawe lenye kuba, kama kichuguu kikubwa kilichopakwa chokaa. Wenyeji huliita *sarnıç*. Ni birika la kuhifadhia maji ya mvua. Maji hutiririka kutoka kwenye mteremko na kuingia ndani, nayo kuba huyakinga yasikaushwe na jua. Pembeni kuna mlango mdogo wa kuchotea, na mara nyingine ndoo yenye kamba. Mabirika ya namna hii yako mengi kwenye njia hii na katika malisho ya milimani. Mengi yalijengwa zamani, kwa ajili ya wachungaji, wanyama wao na kila apitaye.

Katika miji na vijiji tunakutana pia na bomba au chemchemi iliyojengewa ukuta, na ukutani jina la mtu aliyefariki. Jamaa zake wameijenga ili kila anywaye amwombee marehemu. Chemchemi ya namna hiyo huitwa *hayrat*, neno lililotoka katika mzizi mmoja na neno letu la heri. Mtu anaondoka duniani, na heri yake inaendelea kutiririka kwa wageni ambao hakuwajua.

Msafiri na misafir

Waturuki na Waswahili tulichota maneno mengi kutoka katika kisima kimoja cha Kiarabu. Wao husema *haber*, sisi husema habari. Wao husema *saat*, sisi saa. *Sabır*, sisi subira. *Dünya*, sisi dunia. Na liko neno moja ambalo tungependa ulichukue nyumbani. Wao husema *misafir*. Masikioni mwetu ni msafiri. Lakini kwa Kituruki cha leo maana yake ni mgeni, yule aliyekaribishwa nyumbani. Neno ni lile lile, ila kwao msafiri amekwisha kuingizwa ndani na kuwekewa mto. Wana hata msemo wa *Tanrı misafiri*, yaani mgeni wa Mungu, kwa mtu anayebisha hodi bila kutarajiwa wala kujulikana.

Vijijini jambo hilo linaonekana wazi. Tunapita penye uwanja ambapo mama amekaa mbele ya bamba la chuma lililo juu ya moto, akisukuma unga kwa kijiti chembamba mpaka unakuwa mpana kama kitambaa. Anaweka jibini na mboga, anaukunja, anauoka. Mkate huo huitwa *gözleme*, na aliyekula chapati hawezi kuushangaa. Mtu akiwa kazini hupewa salamu ya *kolay gelsin*, yaani kazi na ikuwie nyepesi. Mtu wa kwetu angesema, "Pole na kazi." Mama huyo hujibu, kisha huuliza swali lile: *Yalnız mısın?* Uko peke yako? Tukiitikia, hutuita *kızım*, binti yangu, na sisi humwita *teyze*, neno la kumwitia dada wa mama. Kwa hiyo katika dakika moja tumepata mama mdogo, na chai imekwisha kumiminwa kwenye bilauri ndogo.

Tusifikiri kwamba yote ni bure, wala isiwe hivyo. Katika vijiji kama Faralya na Kabak familia nyingi hupangisha vyumba na kuuza chakula kwa wapita njia. Mwanamke ambaye zamani mkate wake uliliwa na watu wa nyumbani tu, sasa hupata fedha mkononi mwake mwenyewe. Tulipie kwa haki na tusiombe punguzo la aibu. Lakini chai ile ya kwanza, ile inayokuja kabla ya bei kutajwa, mara nyingi haina malipo. Hiyo ni ya misafir.

Mama aliyenyimwa maji

Njia inaendelea kusini hadi kwenye bonde la mto ambako kuna magofu ya Letoon na Xanthos. Mwaka 1988 yote mawili yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Letoon palikuwa mahali pa ibada ya Leto, mungu wa kike wa watu wa kale. Hadithi yake, kama ilivyosimuliwa na mshairi wa Kirumi Ovid, ni hii. Leto alijifungua mapacha, akakimbia na watoto kifuani, huku akifukuzwa. Alipofika Likia koo lilikuwa limekauka. Akaona ziwa dogo, akapiga magoti anywe. Wanakijiji wakamkataza. Akawasihi, akawaonyesha watoto wake. Wakaingia majini na kurukaruka ili tope litimke, asiweze kunywa. Leto akawalaani wakae katika maji hayo milele, nao wakageuka vyura.

Hatuabudu miungu ya namna hiyo, na hadithi ni hadithi. Lakini inafaa kusikika mahali pale, kwa sababu leo magofu ya Letoon yamezungukwa na maji yaliyopanda kutoka ardhini, na vyura wanalia kati ya nguzo za hekalu. Watu wa kale walijua kosa gani ni zito kupita mengine katika nchi kavu: kumnyima maji mama mwenye watoto njiani. Anayetoka kwenye mabirika ya milimani akafika hapa anakuwa amesikia pande zote mbili za habari moja.

Xanthos, kilomita chache kutoka hapo, ulikuwa mji mkuu wa Walikia. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Mlikia akiulizwa yeye ni nani, alitaja jina la mama yake na mama wa mama yake. Wataalamu wanaosoma makaburi ya Likia huona mara nyingi jina la baba, kwa hiyo tusilijenge jambo hilo kuwa kubwa mno. Herodoto huyo huyo anasimulia pia kwamba jeshi la Waajemi lilipouzingira mji, wanaume wa Xanthos waliwafungia wake zao na watoto ndani ya ngome, wakaichoma moto, kisha wakatoka kupigana mpaka wakafa. Ushujaa wao umesifiwa sana vitabuni. Sisi tunapopanda ngome ile tunawakumbuka waliokuwa ndani, ambao hakuna aliyeandika kama waliulizwa.

Bandari zilizojaa mchanga

Kabla ya Patara njia inapita kwenye ukuta mkubwa uitwao Delikkemer. Juu yake yamepangwa mawe yaliyotobolewa katikati, jiwe likiingia katika jiwe, yakawa bomba la kuvusha maji bondeni kuelekea mjini. Ni kazi ya enzi za Warumi, na mawe mengi bado yako mahali pake.

Patara yenyewe ilikuwa bandari kubwa. Leo mahali pa meli ni kinamasi na matete, kwa maana mchanga uliifunga. Mbele yake ni ufuko wa mchanga wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ambako kasa hutaga mayai usiku. Kwa ajili yao ufuko hufungwa giza linapoingia, nasi tunatii.

Mapokeo husema Mtakatifu Nikolao alizaliwa Patara. Alikuwa askofu wa Mira katika karne ya 4. Huyu ndiye ambaye nchi nyingi zimemgeuza kuwa mzee wa Krismasi mwenye kofia nyekundu. Habari inayosimuliwa sana juu yake ni ya baba maskini mwenye mabinti watatu ambao hawakuwa na mahari, nayo hatari ilikuwa wauzwe katika ukahaba. Nikolao alitupa mifuko ya dhahabu ndani ya nyumba yao usiku ili asijulikane. Kanisa lake liko Demre, mji ulio mahali pa Mira ya kale. Mifupa yake ilichukuliwa na mabaharia mwaka 1087 na kupelekwa Bari, Italia.

Kati ya Patara na Demre tunapita Kaş. Mwaka 1982, karibu na rasi ya Uluburun, mpiga mbizi wa sifongo aliona shehena ya shaba chini ya bahari. Wataalamu walifanya kazi hapo kuanzia mwaka 1984 hadi 1994, wakatoa mzigo wa meli iliyozama zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Ndani yake yalikuwamo pembe za ndovu, meno ya viboko, maganda ya mayai ya mbuni, na magogo meusi. Magogo hayo yalitambuliwa kuwa mpingo, aina ile ile wanayochonga Wamakonde. Hayakuwa lazima yatoke kwetu, kwa kuwa mpingo huota hadi Sudan na Ethiopia. Hata hivyo mti wa Afrika ulikuwa umefika katika pwani hii kabla yetu sote.

Kwa anayetaka kwenda

Hatusemi kwamba njia hii haina hatari. Hakuna nchi ambayo mwanamke anaweza kutembea akiwa amefunga macho. Haya ndiyo tunayoshauri:

Nenda majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Wakati wa kiangazi joto huweza kupita nyuzi 35, na mabirika mengine hukauka.

Beba maji lita tatu unapoondoka asubuhi. Maji ya birika yachemshe au yatie dawa kwanza.

Kila asubuhi mwambie mwenye nyumba unalala wapi usiku unaofuata. Namba ya dharura nchini kote ni 112.

Usishuke kwa miguu peke yako katika Bonde la Vipepeo chini ya Faralya. Genge ni kali, na watu wamekufa pale.

Mbwa wa wachungaji hulinda kondoo. Simama, usikimbie, mwite mchungaji, kisha zunguka mbali.

Usiwashe moto msituni. Mwaka 2021 moto uliteketeza misitu mikubwa katika mikoa ya Antalya na Muğla.

Ukichoka au ukihisi mashaka, shuka barabarani upande *dolmuş*, gari dogo la abiria. Jina lake maana yake ni "limejaa", na aliyepanda daladala au matatu atajiona yuko nyumbani.

Je, tunaogopa?

Ndiyo, mara nyingine tunaogopa. Jioni inapotangulia kufika kabla yetu, na alama haionekani, moyo hupiga. Lakini tumejifunza kwamba maneno "peke yako" hayana ukweli wote. Aliyepaka rangi kwenye mwamba yuko nasi. Aliyejenga kuba juu ya maji yuko nasi, ingawa jina lake limesahauliwa. Mama anayemimina chai kabla ya kutuuliza jina yuko nasi. Safari ya mtu mmoja hubebwa na mikono mingi, na mingi kati ya hiyo haikupata kumwona.

Nyumbani kwetu zamani mtungi wa maji ulikaa karibu na mlango, na kata juu yake, na mpita njia hakuhitaji kueleza ukoo wake ndipo anywe. Siku hizi wengi tumejenga mageti. Kila siku, nje ya mageti hayo, anapita msichana anayetafuta kazi, mama anayetoka kliniki na mtoto mgongoni, bibi aliyeshushwa kituo ambacho si chake. Huenda tusiende Uturuki, lakini geti letu tunalo. Tumsikie anayebisha, tumfungulie, tumpe maji kwanza. Maswali yatafuata akisha kunywa.